Mafuta ya Damu: Usipokee Namba Tupu



Je, 209 ni kubwa kuliko 5.4? Ukihesabu viazi, ndiyo. Kwenye karatasi ya majibu ya kolesteroli, namba hizo mbili zaweza kuwa kitu kimoja.

Kuna wenzetu waliopimwa mjini wakapewa 209, kisha baada ya miezi wakapimwa mahali pengine wakapewa 5.4. Wakafurahi, wakaacha vidonge, wakawaambia majirani kwamba mafuta yamekwisha. Hayakupungua hata kidogo.

209 ni miligramu katika desilita ya damu (mg/dL), yaani uzito wa mafuta. 5.4 ni milimoli katika lita (mmol/L), yaani wingi wa molekuli zake. Marekani hutumia kipimo cha kwanza, Uingereza na Kanada cha pili. Ufaransa wapo pia wanaoandika gramu katika lita, na hapo majibu yale yale yatasomeka 2.09! Mtu akiona hiyo si atadhani amepona kabisa?

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua miligramu, gawa kwa 38.67, utapata milimoli. Ukitaka kurudi, zidisha. Gramu katika lita zidisha kwa 100, utapata miligramu katika desilita. Lakini mafuta yanayoitwa trigliseridi yana molekuli nzito zaidi, kwa hiyo hayo yagawe kwa 88.57. Trigliseridi 177 ni 2.0. Ukitumia namba ya kolesteroli utapata 4.6, na utamtisha mgonjwa bure.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya daktari, mkimbizi hayamhusu. Mimi sikubali. Daktari hubaki kituoni kwake, sisi ndio tunaohama na karatasi, kutoka nchi hadi nchi. Na maabara inayoandika namba bila kipimo imefanya nusu ya kazi. Ukipewa karatasi ya namna hiyo, irudishe pale pale dirishani, omba kwa adabu waandike kipimo. Usione haya, hata kama foleni ni ndefu.

Wewe uliye na vidonge, usiviache kwa sababu ya namba mpya. Njoo zahanati na karatasi zote mbili, ya zamani na ya sasa. Sisi wahudumu wa kujitolea tutakusaidia kupiga hesabu kwa simu, kisha daktari ndiye atakayesema kama dozi inabadilika.