Nyumbani Si Bure

Sentensi ninayoiogopa kuliko zote katika Kiswahili cha hospitali zetu ni hii: "Mpelekeni tu nyumbani." Kila anayeisikia anaielewa. Matibabu ya kuponya yameisha, kilichobaki ni kuuguza. Ila ndani ya ile "tu" kuna bili ambayo hakuna aliyeiandika. Nataka tuisome leo.

Chukua njia ya kutoka Kilosa mjini kwenda Mikumi. Katikati kuna kata inaitwa Ulaya, na si ile ya kupanda ndege. Mgonjwa wa saratani akirudishwa kijijini huko, hospitali ya wilaya ameiacha Kilosa, ya Mtakatifu Kizito iko Mikumi, na pengine faili lake limebaki Ocean Road, Dar es Salaam. Pale chumbani panahitajika dawa ya maumivu, glavu, pampasi za watu wazima, mpira wa kutandika juu ya godoro, sabuni kila siku, uji wa maana, na hela ya bodaboda ya kufuata dawa. Halafu kuna gharama inayozidi zote hizo: binti aliyeacha shamba msimu wa palizi ili amuuguze mama. Yeye hatumpigii hesabu. Tunasema "huyu mtoto ana moyo", tumemaliza.

Bima nazo zimejengwa kumsubiri mgonjwa kituoni. CHF iliyoboreshwa ilipangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, fedha ya kumtibia aliyefika zahanati au hospitali. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Neno "wote" ni zuri sana. Lakini mtu asiyeweza hata kujigeuza kitandani hafiki dirishani kuonyesha kadi. Kama "wote" haimhesabu yeye, basi neno limetumika vibaya, na sisi tunaojiita watu wa maneno tulipaswa kuwa wa kwanza kupiga kelele.

Najua jibu linalokuja: kuuguza ni mapenzi, ni thawabu, ukiweka bei umeua undugu. Hoja hii huwa naisikia zaidi kwa ndugu wa kiume, tena wale wanaoishi mbali na kutuma salamu. Jamani, mapenzi hayazuii vidonda vya kulalia. Vinazuiwa na mtu anayemgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache, mchana na usiku, na mtu huyo ana mgongo wake, ana watoto wake, ana deni lake la pembejeo. Kumlipia nesi aje kumpokea hata mara moja kwa wiki kunaua undugu gani?

Fasihi yetu haijawa na macho mazuri kwenye jambo hili. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwambia binti yake, na alifariki kama miaka 2 baadaye. Tumeubishania utendi ule vizazi na vizazi: mke amtii mume kiasi gani, ni utumwa au ni hekima, ni kejeli au ni dini. Sawa. Ila yule binti aliyeitwa kando ya mama mgonjwa, nani kamuulizia? Kwetu amekuwa sikio la kupokea mawaidha. Mikono yake hatuioni kabisa.

Wala siombi miujiza. Uganda, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993 kwa morfini ya kunywa, ambayo ni unga unaochanganywa na maji, dawa ya bei ndogo. Mwaka 2004 nchi hiyo ikawaruhusu manesi waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe, bila kumsubiri daktari ambaye kijijini hayupo. Hapa kwetu, Muheza na Selian ya Arusha zimeonyesha kwamba timu inaweza kumfuata mgonjwa kwake. Kinachoweza kufanyika Muheza kinashindikanaje Kilosa?

Sasa tuje kwetu wenyewe, maana serikali si mkosaji peke yake. Mtu akikata roho, hata jua halijazama kuna turubai, kuna viti, kuna sufuria za wali na daftari la rambirambi. Marehemu huyohuyo wiki iliyopita alilia usiku kucha kwa kukosa nauli ya kufuatiwa dawa. Vikundi vyetu tunaviita vya kufa na kuzikana. Angalia mpangilio wa maneno: kufa kumetangulia! Lakini nenda kasome katiba zake. Kiingilio, ada, faini ya kuchelewa, sanda, jeneza, chakula cha waombolezaji. Fedha zote zinaanza kutoka kwenye kuzikana. Kufa kila mtu anakufa kwa gharama zake.

Pendekezo langu ni dogo na linaudhi. Sehemu ya mchango wa msiba itolewe mtu angali hai, apewe yule anayeuguza. Kuchangishana si aibu: hata Uingereza hospisi hazimtozi mgonjwa, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwenye michango ya watu na maduka ya mitumba. Ila kikundi kisigeuzwe kisingizio. Bima ilipe ziara ya nesi nyumbani kama inavyolipa kitanda cha wodini, na morfini iwe karibu kiasi kwamba aliyeifuata kwa bodaboda anarudi kabla dozi ya mwisho haijaisha nguvu.

Mkutano ujao wa kikundi chako, kabla ya kusomwa mapato na matumizi, nyoosha mkono uulize: fungu la kufa ni shilingi ngapi? Watakuona una mkosi. Uliza tu.