Taa ya Gari na Lugha ya Fundi

Wengi wetu tunaoendesha magari jijini Nairobi tunaendesha magari yaliyokwisha kutumika Japani. Kanuni zetu za uagizaji huruhusu gari lisilozidi umri wa miaka minane, na kwa sababu hiyo mitambo ambayo zamani ilikuwa anasa ya matajiri wa Ulaya leo imo katika magari ya kawaida yanayopanda Waiyaki Way kuelekea Kangemi. Mmojawapo ni ule unaozuia gurudumu kuzunguka ovyo barabara inapoteleza. Nitauita kidhibiti mshiko, na sababu ya kuuita hivyo nitaieleza baadaye.

Hebu tuutazame unavyofanya kazi. Karibu na kila gurudumu pana sensa ndogo inayohesabu meno, au sumaku, za pete inayozunguka pamoja na gurudumu hilo. Kompyuta hulinganisha hesabu za magurudumu yote manne. Gurudumu linalosukumwa na injini likiwazidi wenzake mbio kupita kiasi, kompyuta hutambua kwamba limepoteza mshiko, nayo hulibana kwa breki au hupunguza nguvu za injini. Taa yenye picha ya gari na michirizi ya tairi ikimetameta kidogo mtu anapopita kwenye utelezi wa Kawangware, hapana la kuogopa: mtambo uko kazini. Ikiwaka na kubaki imewaka, ama mtambo umezimwa kwa swichi, ama una hitilafu.

Hapo ndipo gharama huanza. Fundi huchomeka mashine yake chini ya usukani, nayo humpa herufi na tarakimu kadhaa. Herufi C huashiria mambo ya chasisi, yaani breki, usukani na magurudumu. Maelezo yanayofuata, kwa Kiingereza, aghalabu husema kwamba habari ya gurudumu fulani haifiki ipasavyo. Msomaji aone vyema: mashine haikusema kwamba sensa imekufa. Imesema habari haifiki. Kati ya kauli hizo mbili pana tofauti kubwa ya maana, na pengine ya maelfu ya shilingi. Huenda sensa imejaa tope. Huenda waya umekatika pale unapopindwapindwa kila gurudumu linapokata kona. Huenda pete imepasuka kwa kutu au beringi imelegea. Hata tairi moja lenye kipimo tofauti na mengine laweza kuikanganya kompyuta.

Mwaka jana taa hiyo iliwaka katika gari langu. Katika karakana moja ya Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, kijana mwenye stashahada ya ufundi alisoma maandishi ya mashine, akatamka neno "sensa", akaniuzia moja iliyotumika, akaifuta kumbukumbu ya kompyuta na kuniaga. Sikuwa nimefika Westlands taa ikawaka tena. Siku ya pili nilimwendea mzee mmoja wa jua kali karibu na Dagoretti Corner. Huyu aliinua gari kwa jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono huku ametega sikio, kisha akalishika juu na chini na kulitikisa. "Beringi imekufa, mwalimu," akasema. "Pete imo ndani yake. Beringi ikicheza, hesabu inapotea." Ndivyo ilivyokuwa.

Sikisimulii kisa hiki ili kubeza elimu ya vyuo. Yule kijana hakuwa mjinga. Alifunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, akahifadhi majina ya vipuri, lakini hakupewa lugha ya kufikiria uhusiano wa kipuri kimoja na kingine. Kazini hakuna anayezungumza Kiingereza hicho. Wateja na mafundi huelewana kwa Kiswahili na Sheng. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Yamkini habari hizo bado ziko njiani kuelekea vyuo vya ufundi.

Wako watakaosema istilahi hazitoshi. Hoja hii ni kongwe, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam iliijibu kwa vitendo ilipochapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi iliyobaki ni kuchagua vyema. Anayetafsiri kwa pupa ataita mtambo huu kidhibiti mvuto, na mwanafunzi atadhani unahusu nguvu inayoangusha embe kutoka mtini. Mshiko ni neno lililo wazi: tairi hushika barabara, au haliishiki. Jirani zetu wa Dar es Salaam watacheka, maana mitaani kwao mshiko ni pesa. Wacheke, kwa bei za vipuri hawatakuwa wamekosea sana.

Lakini jambo hili si la fedha tu. Nimewasikia mafundi wakimshauri mwenye gari aing'oe balbu ya taa hiyo "isimsumbue". Sensa zinazolisha kidhibiti mshiko ndizo zinazolisha pia mfumo unaozuia breki kuyafunga magurudumu kabisa. Habari ya gurudumu ikikatika, mara nyingi mifumo yote miwili hujizima. Breki za kawaida hubaki, lakini dereva akizikanyaga kwa ghafla katika mvua ya Aprili, magurudumu yaweza kukwama na gari likateleza bila kuutii usukani. Huenda aliyelinunua gari hilo baadaye hajui kwamba palikuwa na taa.

Walimu wenzangu wa vyuo vya ufundi, naomba swali moja tu liingizwe katika mtihani ujao, kwa Kiswahili, na lijibiwe kwa Kiswahili: "Mashine inasema habari ya gurudumu la mbele kushoto haifiki. Taja mambo manne utakayokagua kabla ya kumwambia mwenye gari anunue sensa, na ueleze kwa nini umeyapanga kwa utaratibu huo."