Falsafa za masoko: mteja wa mpakani anaanzia wapi?

Kabla ya mwaka 2006, mfanyabiashara aliyevuka Namanga au Mutukula alikuwa na mambo mawili tu: anunue laini ya nchi aliyoingia, au atozwe hata kwa kupokea simu. Septemba mwaka huo kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja akapiga kwa viwango vya nchi aliyopo na akapokea bure. Mwaka uliofuata washindani nao wakafuata.

Wataalamu wa masoko huiita hii falsafa ya soko, yaani kampuni kuanza na shida ya mteja kisha ndipo itafute cha kumuuzia. Ni kinyume cha falsafa ya uzalishaji, inayoamini kuwa kitu kikiwa kingi na cha bei nafuu kitanunuliwa tu, na ile ya mauzo, ambayo kazi yake ni kusukuma kilichokwisha kutengenezwa.

Safaricom nayo ilipoanza ushindani mwaka 2000 ilitoza kwa sekunde, huku KenCell ikitoza kwa dakika. Mwenye salio la kuungaunga aliiona tofauti siku hiyohiyo.

Katika usafirishaji hali ni nyingine. Wengi hununua malori kwanza, mzigo hutafutwa baadaye, na ukikosekana silaha ni moja: kushusha nauli, hata kama haitoshi dizeli na matairi. Lakini mwenye kontena anayelipia tozo kila siku inayopita haumizwi na nauli peke yake. Anaumizwa zaidi na kutojua lori litafika lini. Msafirishaji anayekamilisha nyaraka kabla ya kufika Malaba au Tunduma, na anayepiga simu lori likikwama, anauza kitu ambacho mshindani wa bei rahisi hana.

Reli haina ubavu wa kuwacheka wenye malori. Reli ya kisasa ya Kenya ilianza kubeba mizigo kutoka Mombasa Januari 2018. Mwaka uliofuata serikali ikaagiza makontena yapelekwe kwa treni. Wenye malori na wakazi wa Mombasa wakaandamana. Septemba 2022 Rais William Ruto, siku aliyoapishwa, alitangaza kuwa shughuli za kuondoa mizigo zirejeshwe bandarini. Kujenga kwanza na kutafuta wateja kwa amri ni falsafa ya mauzo katika sura yake ngumu kabisa.

Theodore Levitt wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika mwaka 1960 kwamba kampuni za reli za Marekani zilidhoofika kwa kudhani biashara yao ni treni, wakati ilikuwa usafiri. Kwa wenye malori swali ni lilelile: wanauza safari za gari, au wanauza uhakika wa mzigo kufika Kampala, Kigali au Lubumbashi siku iliyoahidiwa? Wenye mizigo wanaolipa vizuri wanaulizia hilo la pili.