Walipomwita, Tisini Imeshapita

Musoma. Safari yangu naianza na msemo wa Wachina kwamba Feng Tang huzeeka upesi. Alikuwa ofisa wa kawaida enzi za Han, na alikwisha kuota mvi siku alipomwambia mfalme Wen waziwazi kwamba hata akipata majemadari hodari, hatajua kuwatumia. Mfalme Wu alipotawala na kusaka watu wenye hekima, Feng Tang akatajwa. Umri wake ulikuwa umevuka miaka 90. Hakuiweza tena kazi. Cheo akapewa mwanawe.

Bunda. Stendi wanapoita abiria wa Kisorya na Nansio, namkumbuka Aniceti Kitereza, mwandishi aliyecheleweshwa kama Feng Tang. Ukivuka ziwa na kivuko kutoka Kisorya, umefika kwao, Ukerewe. Alizaliwa 1896 katika ukoo wa watemi, akasoma kwa mapadri, akawa katekista. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mke na mume wanaohangaikia mtoto. Humo mna kilimo, uvuvi, pombe, dawa, na namna mkwe anavyopokewa, vyote vimeelezwa hatua kwa hatua na mtu aliyeviona. Kitereza na mkewe walizika watoto wao wote.

Wa kumtia moyo hakumkosa. Alikosa wa kumchapia. Kikerewe kilionekana lugha ya wasomaji wachache. Basi uzeeni, viungo vikimuuma, akakaa kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa mamia. Tanzania Publishing House ilitoa kitabu 1980. Mwaka uliofuata akafariki, nakala hazijamfikia mkononi. Miaka 35! Hili linaniuma kila nikilifikiria, maana hakuna aliyebisha kwamba mzee yule ana kipaji.

Butiama. Hapa mtoto wa Mtemi Burito alionekana mapema. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Julius Nyerere alipelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma. Kutoka hapo Tabora, kisha Makerere. Yeye na Kitereza wote ni watoto wa nyumba za kitemi, kando ya ziwa lilelile, wote walipitia mikono ya mapadri. Mmoja alishikwa mkono akiwa na miaka 12, mwingine kitabu chake kilitoka akiwa na 84. Siamini kabisa kwamba waliachana kwa akili.

Butiama tena. Mwalimu mstaafu kanionyesha kaunta buku lake: habari za koo na za waganga wa mvua, kwa Kizanaki, mwandiko wa kulala wa shule za zamani. Jalada limeshika masizi ya jikoni, na ukurasa wa mwisho wino umeanza kufifia pale mvua ilipodondokea. Nakala nyingine hakuna.

"Shikamoo babu, umemwonyesha nani?"

"Marahaba. Wajukuu. Wanasema watasoma wakikua."

Amekubali nipige picha kila ukurasa kwa simu. Nitarudi Jumanne, na kijana anayesoma Kizanaki vizuri, tuanze kuchapa palepale mzee akiwepo wa kutusahihisha.