Gari Lililoinuliwa na Usukani Wake

Aijuaye Lupepo, wilayani Rungwe, hashangai kuona wenye Land Cruiser wakitaka kuziinua: mvua za huko ni nyingi, nao udongo huteleza. La kusikitisha ni kwamba wengi hununua springi ndefu wakausahau usukani. Gari lenye springi za koili mbele likiinuliwa hata sentimita 5, ekseli hugeuka pembe, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na gari huyumba. Fimbo izuiayo ekseli isiende kando nayo huivuta upande mmoja. Basi bushi za kusahihisha pembe, fimbo inayorekebishika na shokomzoba za urefu unaolingana si anasa. Nayo tairodi isiyojulikana ilikotoka, karakana za TEMESA ziikatae katakata; magari ya umma hubeba walimu na mitihani.