Msituuzie Malachy McCourt

Kuna biashara inanawiri sana hapa Nairobi: kuuza hadithi za watu walioacha shule wakafanikiwa. Sema tu kwamba hukumaliza chuo, utarushiwa jina la bilionea fulani kama panadol. Siku hizi kuna wanaomtaja hata Malachy McCourt, yule mwigizaji na mwandishi mwenye asili ya Ayalandi aliyefariki Machi 2024 akiwa na miaka 92. Ati aliacha shule akiwa na miaka 13, na bado akafika. Haya basi, tumtazame. Ila tumtazame mzima.

Malachy alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka wa 1931. Wazazi wake walikuwa wahamiaji. Uchumi ulipoanguka walirudi Ayalandi, na yeye akakulia kwenye vichochoro vya Limerick. Dadake alikuwa amefariki akingali mchanga huko Marekani; wadogo zake mapacha wakafia Limerick. Babake alikunywa mshahara. Wakati wa vita akaenda Uingereza kutafuta kazi, na pesa hazikufika nyumbani.

Sasa niambie, mtoto wa nyumba hiyo "aliacha" shule kivipi? Sekondari nyingi za Ayalandi zilikuwa za karo hadi 1967, serikali ilipoleta elimu ya sekondari bila malipo. Malachy alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu. Hilo neno "kuacha" linafanya umaskini uonekane kama uamuzi.

Alivukaje basi? Mwaka wa 1952 kakake Frank alimsaidia kupata nauli. Na kwa kuwa alizaliwa Brooklyn, aliingia Marekani kama raia. Hakupiga foleni ya viza, hakuombwa stetimenti ya benki. Alibeba mizigo bandarini, akauza Biblia, akafungua baa Manhattan, akapanda jukwaani, akaigiza mhudumu wa baa kwenye tamthilia ya runinga ya Ryan's Hope. Kitabu chake cha kumbukumbu, A Monk Swimming, kilitoka 1998. Miaka miwili nyuma, Frank alikuwa ametoa Angela's Ashes, kilichoshinda tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1997. Jina McCourt lilikuwa tayari linauza.

Simdharau mzee. Kipaji alikuwa nacho, na ulimi wake ulikuwa mali. Hata jina la kitabu hicho lilitokana na maneno ya sala ya Salamu Maria aliyoyasikia visivyo utotoni. Mtu anayeweza kugeuza kosa la sikio kuwa kitabu si mtu wa kawaida. Lakini Limerick ilikuwa na watoto wengi wenye ulimi. Wengi wao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa cha New York.

Na wauzaji wetu huruka sehemu moja kila mara. Frank naye hakuwa na sekondari. Alihudumu katika jeshi la Marekani, kisha sheria ya kuwasomesha wanajeshi wa zamani ikamlipia Chuo Kikuu cha New York. Akafundisha shule za umma kwa miongo kadhaa, akatoa kitabu chake cha kwanza akiwa na miaka 66. Kwa hiyo ndugu aliyefika mbali zaidi ndiye aliyerudi darasani, na serikali ndiyo iliyolipa. Hiyo mbona haiwekwi kwenye mabango?

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo. Naandika kwa malipo ambayo wakati mwingine huchukua miezi mitatu kuingia. Sina haja ya kuambiwa niote, bana. Ndoto ninazo, na hazijawahi kukubaliwa na ofisi yoyote ya fedha.

Malachy mwenyewe hakuishia kwenye ndoto. Mwaka wa 2006, akiwa na umri wa kutulia nyumbani, aligombea ugavana wa New York kwa tiketi ya chama cha Green. Alishindwa, lakini alijua kwamba maisha ya watu huamuliwa pia kwenye sheria na bajeti.

Kwa hiyo ukinitajia Malachy tena, nitajie pia nauli, uraia, na ile sheria iliyomsomesha kakake. Kisha tuongee kuhusu nani analipia karo hapa.