Sandali Haikuzaliwa Uarabuni

Juzi katika kikao cha wapenzi wa mashairi hapa Bagamoyo nilimsikia msemaji mmoja akishadidia kwamba msamiati wetu wote wa manukato, tangu udi hadi sandali, ni wa Kiarabu, na kwamba kabla ya majahazi Mswahili hakuwa na neno la kuitaja harufu nzuri. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Tuanze na sandali. Ni kweli tuliipokea kwa Waarabu. Je, wao waliipata wapi? Sandali nyeupe ni mti mashuhuri wa kusini mwa Uhindi, na jina lake katika Kisanskriti ni chandana. Waajemi walilitamka chandal. Waarabu, ambao alfabeti yao haina “ch”, wakaanza na herufi swadi. Wapo hata wanaisimu wanaoona kwamba Kisanskriti nacho kililiazima kutoka lugha za Kidravidi. Basi anayeandika “Kiarabu” kando ya neno hilo na kufunga kamusi ameitaja bandari ya mwisho tu, akadhani ndiko kwao. Kafuri nayo ni vivyo hivyo: ilitoka katika karpura ya Kisanskriti.

(Sandali ya miguuni ni neno jingine, asili yake Kiyunani. Wala sandarusi, ule utomvu uliochimbwa ardhini katika mrima wetu huu na kuuzwa ng’ambo kutengenezea vanishi, si ndugu wa sandali. Nimesahihisha insha nyingi zilizoyachanganya haya.)

Lililonikera zaidi ni hilo la kukosa neno. Manukato yametokana na nuka, kitenzi cha Kibantu halisi. Tazameni kazi ya irabu moja: kinachonuka hukimbiwa, kinachonukia hufuatwa. Bibi yangu, aliyesaga liwa juu ya jiwe kwa maji kidogo na kutupaka usoni, hakuhitaji jahazi lolote kutuambia kwamba tunanukia.

Sipingi kuazima; lugha isiyoazima haina majirani. Ila nimefundisha sekondari kwa miaka mingi, na najua kwamba mwanafunzi anayeambiwa kila siku kuwa lugha yake ni ya kuazima huiandika kama aliyevaa shati la mwenzake, kwa hofu ya kulichafua.

Msemaji yule namkaribisha kikao kijacho. Aje na neno “nukia”, atuonyeshe lilishukia gati gani.